Kete Nyeusi Zilikuwa Zangu

Kofi la kwanza nililopigwa kwa sababu ya chesi lilikuja baada ya hatua nne. Mume wangu alikuwa amenifundisha mchezo ule juma moja tu kabla, na siku hiyo malkia wake alishuka huku askofu akimlinda, akamla askari aliyesimama pembeni mwa mfalme wangu, mchezo ukaisha. Akasema, "Kumbe wewe ni mjinga kiasi hiki?" Halafu akanizaba kibao, sikio langu la kushoto likalia mluzi mpaka jioni.

Kipigo cha pili kilikuja miezi michache baadaye, na hicho nilikipata kwa kushinda. Nilishinda kwa bahati. Alikuwa ameisahau ngome yake, nikaila, na mambo yake yakaharibika yote. Nikacheka. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, kucheka. Safari hiyo hakutumia mkono. Alinipiga na ubao wenyewe, akaniburuza kwa nywele mpaka jikoni, akanigonga uso kwenye mwimo wa mlango. Jino langu la mbele ni nusu tangu siku ile. Watu wakiniuliza, nilikuwa nawaambia niliteleza kwenye mawe ya ziwani nikifua.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa nimeshajua mambo mawili kuhusu ndoa yangu. Nikishindwa haraka, napigwa. Nikishinda, napigwa zaidi. Ilibidi nitafute pa kukaa katikati ya hayo mawili, na nikapatafuta kwa bidii kuliko kitu chochote nilichowahi kukitafuta maishani.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja mjini Musoma. Serikali ilimpeleka Ulaya kusomea kazi hiyo, akarudi na koti zito asilolivaa hata siku moja, sanduku la kete za chesi na kitabu cha mchezo huo kilichoandikwa kwa lugha ya huko. Wanaume wenzake walicheza drafti kwa vizibo vya soda chini ya ukuta wa stoo, wakipiga kelele na kutaniana. Yeye aliwadharau. Alisema ule ni mchezo wa watu wasiofikiri. Kwa hiyo hakuwa na mtu wa kucheza naye, akanifundisha mimi. Kete nyeupe zilikuwa zake siku zote kwa sababu mweupe ndiye anayeanza, na katika nyumba yetu hakuna aliyeanza jambo ila yeye. Nyeusi zilikuwa zangu.

Hiyo ilikuwa ile miaka ya shida. Sabuni ilipatikana kwa foleni, tena ukiwa na bahati. Tulikula ugali wa unga wa njano mpaka ukatukinaisha. Kiwandani mashine zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine, vipuri haviji, na fundi asiye na vipuri ni mtu anayekaa tu na spana mkononi. Alikuwa anarudi saa nane mchana, mikono haina kazi, macho mekundu kwa hasira ya kukaa bure. Alikuwa anaweka ubao juu ya stuli mlango wa nyuma, kwenye upepo wa ziwa, anapanga kete zake, ananiita. Nikichelewa kwa sababu nafunika sufuria, nilikuwa nalipia.

Kitabu kile sikuweza kukisoma, hata herufi zake zilikuwa ngeni. Lakini kete zilikuwa zimechorwa ndogo ndogo, na namba ni namba. Akiwa kazini nilikuwa nakifungua, napanga kete sakafuni, nafuata. Mwisho wa kila mstari palikuwa na alama. Siku moja aliporudi na furaha, nadhani kipuri kimoja kilikuwa kimepatikana, nikamwuliza kama mtu anayetania tu, alama hizi ni za nini. Akanieleza. Jumlisha na toa zikiandikwa zimefuatana, mweusi kwisha habari yake. Jumlisha ikikaa juu ya mstari mmoja, mweupe yuko vizuri sana. Jumlisha ikikaa juu ya mistari miwili, kama ile ya sawasawa, mweupe yuko vizuri kidogo.

Kidogo! Nililibeba neno hilo kichwani mpaka nikalala nalo. Nilikuwa natafuta namna ya kuwa chini ya huyu mwanaume kidogo tu. Siyo kulala chini, siyo kusimama sawa naye. Kidogo. Kesho yake nikaanza kupekua kitabu nikitafuta jumlisha yenye mistari miwili, upande wa mweusi.

Nilichokipata ni hiki, na hata asiyejua chesi ataelewa. Mweupe anasogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili. Mweusi anafanya vivyo hivyo. Mweupe anatoa farasi, anamtishia yule askari wangu. Sasa hapo kitabu kilitaka nimlinde kwa farasi wa upande wa malkia, na huo ndio mchezo wa heshima. Mimi nikawa namlinda kwa askari wa mbele ya malkia, hatua moja tu. Analindwa, ndiyo. Lakini askofu wangu wa upande wa mfalme anabaki amezibiwa njia na watu wake mwenyewe, anajibanza mlangoni hana pa kwenda. Mweusi anabanana. Hafi, ila anabanana. Na mwisho wa mstari, jumlisha juu ya mistari miwili.

Nilicheza mwanzo huo kwa miaka saba. Sikucheza mwingine.

Ulifanya kazi. Alikuwa na uwanja mkubwa kuliko mimi, kete zake zimekaa kifua mbele, na hilo lilimfurahisha mpaka anapiga mluzi. Nilikuwa nasogea hatua moja moja, naziba hapa, naziba pale. Mchezo ulikwenda saa mbili, pengine zaidi. Jua likianza kushuka na ugali ukinihitaji, namwachia askari mmoja, halafu mwingine, ananishinda polepole, kwa jasho lake. Ananyanyuka amechoka na ameridhika. "Leo umekaza," anasema. Siku hiyo sipigwi kwa ajili ya chesi. Nilipigwa kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya redio iliyokufa betri, kwa ajili ya kumsalimia jirani kwa sauti ya juu. Siku moja alinipiga teke la tumbo kwa sababu nilimpa maji kwenye kikombe cha plastiki. Lakini chesi nilikuwa nimeitoa kwenye orodha, na kwa kuwa alicheza karibu kila siku, nilikuwa nimejipunguzia kipigo kingi kuliko mwanamke yeyote niliyemfahamu. Naona aibu kuandika kwamba nilijivunia. Nilijivunia sana.

Najua kuna anayesoma hapa na kusema, si ungeondoka? Wewe unayesema hivyo hujui ng'ombe ni nini kwetu. Mimi natoka Kibara, kwenye familia ya wavuvi na wakulima, na ng'ombe wa mahari yangu ndio kaka yangu aliowatumia kuoa. Mke akitoroka, ng'ombe wanarudi kwa mume. Wakirudi, mke wa kaka naye anarudi kwao, na watoto wake wanabaki wanalia. Nilikuwa nimekalia ndoa mbili, na moja haikuwa yangu.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Mitumba ikajaa nchi nzima, maduka yakajaa sabuni za kila rangi, na mume wangu akapunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi. Tukahamia Bunda, tukapanga nyumba upande wa Kabasa. Mimi nikaanza kuuza mitumba, na biashara ikakubali. Yeye akawa mtu wa kushinda ndani na chupa yake ya gongo na ubao wake. Nikirudi sokoni na furushi kichwani, kete zimeshapangwa. Tulikuwa tumepata mtoto wa kike, ana miaka minne. Na sasa ule mwanzo wangu haukutosha tena. Nikishindwa polepole alikuwa anasema namdharau, namchezea kama mgonjwa. Macho yake yalikuwa yameanza kuuona mchezo wangu, au gongo ilimwonyesha.

Siku moja mchana alipindua ubao katikati ya mchezo, akanipiga ngumi ya mbavu nikiwa nimempakata mtoto. Tulianguka wote. Mtoto alipiga kichwa kwenye sakafu ya saruji, akanyamaza, na kwa muda mrefu hakulia. Huo muda sitausahau. Alipolia, nilimbeba hivyo hivyo na mbavu zangu zilizovunjika, nikapanda lori la dagaa lililokuwa linarudi tupu, nikaenda Kibara kwa kaka.

Kaka alinisikiliza amesimama. Mke wake alikuwa mlangoni ananyonyesha, ananitazama bila kupepesa, na mimi nilijua anachokiogopa.

"Ukikaa hapa, umetoroka," kaka akasema. "Ng'ombe watarudi. Twende Butiama kwa ukoo wake. Wakikubali wenyewe kwamba anakupigaga bure, ng'ombe wanabaki, na mtoto unaondoka naye umlee. Lakini wakubali wao, kwa midomo yao."

"Hawatakubali," nikamwambia. "Mbele ya baba zake anakuwaga mpole."

"Basi wafanye waone."

Niliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Juma lililofuata tulikaa kwenye uwanja wa baba mkubwa wa mume wangu, Butiama, asubuhi, wanaume saba wa ukoo wao kwenye viti, mimi na kaka kwenye benchi. Mama mkwe alikuwa mlango wa jikoni na mtoto wangu miguuni. Mume wangu alikuja amenyoa, suti ya Kaunda imepigwa pasi, begi mkononi. Aliwaamkia mmoja mmoja akiwa ameinama.

"Baba zangu," akasema, "mimi mke wangu nampendaga. Nimemfundisha mchezo wa Ulaya, tunakaaga naye, tunacheza. Nani hapa anachezaga na mke wake?"

Wakacheka, wakatazamana. Mimi nikainuka.

"Ananipiga kwa ajili ya huo mchezo. Nikishindwa ananipiga, nikishinda ananipiga. Kavunja mbavu zangu, kaangusha mtoto."

Baba mkubwa alikuwa mtu mzito, mwenye fimbo, asiyependa maneno mengi. "Huo mchezo uko wapi?" akauliza. Mume wangu akafungua begi. Alitembea nao popote alipokwenda. "Basi chezeni hapa. Tuone unavyopigwa."

Walidhani ni utani. Mimi nilishukuru moyoni, maana hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Nilikuwa nimeamua: nitamshinda mbele yao, nitacheka, na atanipiga mbele yao.

Akasogeza askari wake hatua mbili. Nikasogeza wangu. Akatoa farasi, na mimi nikamlinda askari wangu kwa askari wa hatua moja, kama kawaida, nikambana askofu wangu. Nikamwona anatabasamu. Wanaume wale walichoka upesi. Mmoja alijikuna mguu, mwingine alitoa ugoro. Ndipo mume wangu akataka kuwaonyesha kitu. Akamchukua askofu wake, akampiga chini kwa kishindo mbele ya mfalme wangu, akamla askari, sadaka, ili mfalme wangu avutwe nje. Wazee wakashtuka kwa kile kishindo, wakainama kutazama.

Nyumbani alikuwa ameshafanya hivyo mara nyingi, na kila mara nilikuwa namwachia askofu wake bila kumla. Siku hiyo nilimla askofu wake. Mfalme wangu akatoka nje peke yake, akatembea katikati ya uwanja huku farasi na malkia wakimkimbiza, hatua hii, hatua ile, na hawakumpata. Zilipowaishia pumzi nikamshika yule askari wangu wa hatua moja, nikamsukuma mbele. Njia ikafunguka. Askofu wangu aliyebanwa miaka saba akatoka kwa mara moja mpaka upande wa pili wa ubao. Hatua sita baadaye mfalme wake hakuwa na pa kukimbilia.

"Kwisha," nikasema kwa sauti ya juu. Nikacheka. Nilicheka kwa mdomo wazi, aone jino nililovunjwa. Halafu nikainama juu ya ubao na kumpelekea uso, karibu kabisa, asipate taabu ya kunyoosha mkono mbali.

Hakunipiga. Alimlaza mfalme wake taratibu, akanyanyuka, akanyoosha mkono kama walivyomfundisha Ulaya. "Umecheza vizuri, mama," akasema.

Wanaume wakapiga makofi. Nilimpa mkono kwa kuwa sikujua la kufanya, na baba mkubwa akaanza kusema.

"Mwanaume ameshindwa na mke wake mbele ya baba zake, na amempa mkono. Nani kati yetu angeweza? Huyu ndiye mnasema mpigaji? Mke wetu, hatujaona kosa la mume wako. Chukua mtoto, rudi naye Bunda."

Nilikuwa nimekosea. Nilimjua alivyo ndani ya nyumba, nikasahau kwamba alikulia chini ya fimbo ya mzee yule, na kwamba alimwogopa kuliko alivyonichukia. Bado alikuwa ameshika mkono wangu. Alikuwa anatabasamu kwa wazee huku anaviminya vidole vyangu, mfupa juu ya mfupa, mpaka nikasikia kimoja kinaalika. Akainama kana kwamba ananinong'oneza neno la mapenzi.

"Tutamalizia Bunda," akasema. Nilisikia mimi tu.

Sikupiga hesabu yoyote. Ningependa kuandika kwamba nilifikiri, lakini sikufikiri. Nilichomoa mkono, nikaukamata ubao kwa mikono yote miwili, kete zikamwagika, nikampiga nao usoni kwa ukingo. Pua ilivunjika kwa pigo la kwanza, niliisikia. Nikampiga tena mdomoni. Akapiga magoti, damu inashuka kwenye ile suti iliyopigwa pasi, na nikampiga mara ya tatu kichwani, ubao ukapasuka katikati. Ilikuwa tamu. Sitaki kumdanganya mtu. Miaka saba ilikuwa ndani ya mikono yangu, na laiti ubao ungekuwa wa mti mgumu zaidi, ningemwua.

Fimbo ya baba mkubwa ilinishukia mgongoni, mara mbili, mara tatu, kwenye mbavu zile zile. Mwanamke kumpiga mumewe mbele ya ukoo, hakuna pale aliyewahi kuona jambo hilo.

"Toka!" mzee alipiga kelele. "Toka kwenye boma langu! Siyo mke wetu! Usikanyage tena hapa! Toka!"

Kaka akasimama. Hakuja kunisaidia. Alisimama tu pale kwenye benchi, akangoja mzee amalize pumzi.

"Baba zangu," akasema kwa heshima, "mmesikia wenyewe. Mmemfukuza ninyi. Hakutoroka."

Mwanamke akitoroka, ng'ombe hurudi. Akifukuzwa, ng'ombe hawaulizwi. Mzee alikuwa amelisema neno mara tatu mbele ya mashahidi, na kulimeza hakuweza. Nilimwona anaelewa, fimbo ikashuka. Mke wa kaka angebaki nyumbani kwake. Na mimi nilikuwa huru, nimelala kifudifudi kwenye vumbi, damu ya mume wangu kwenye vidole vyangu, kimoja kimevunjika.

Nikajiinua, nikaenda mlango wa jikoni kumchukua mtoto wangu.

"Huyo mwache," baba mkubwa akasema nyuma yangu, sasa kwa sauti ya kawaida. "Ng'ombe wetu wako kwenu. Mtoto yuko kwetu."

Nilimtazama kaka. Kaka akatazama chini. Usidhani sikujua. Kila mwanamke wa kwetu anajua. Mtoto huondoka na mama yake iwapo kosa ni la baba, na wanaume wale walikuwa wameshasema kosa halikuwa la baba. Nilikuwa na nafasi ya kurudi Bunda na mtoto wangu na kutafuta njia nyingine, siku nyingine. Niliiuza nafasi hiyo kwa mapigo matatu.

Mtoto alikuwa amelishika gauni langu kwa mikono miwili. Nilikuwa nimemwahidi kwamba tukimaliza hapa tutakwenda kwa mjomba kula sato. Alikuwa amesikia kelele zote, na alikuwa anajaribu kuzielewa.

"Mama, mimi hawajanifukuza?"

"Hapana, mwanangu. Wewe hawajakufukuza."

Akamtazama yule mzee, akanitazama mimi.

"Basi mwambie babu anifukuze na mimi."

Nilivitoa vidole vyake kwenye gauni langu kimoja kimoja, kaka akanishika mkono, tukaondoka.